Magadi ya Lengai na meno ya Maji ya Chai

Mwaka wangu wa kwanza chuoni Dar es Salaam, kijana mmoja wa Mtwara niliyelala naye chumba kimoja alinitazama nikicheka, akaniuliza nilianza kuvuta sigara nikiwa darasa la ngapi. Sijawahi kuvuta. Kabla sijajibu, mwenzetu wa tatu akadakia: "Huyo wa Arusha, hayo ndiyo meno ya kwao." Hivyo ndivyo tunavyotambulika tuliozaliwa kwenye miteremko ya Mlima Meru. Wengine hutambulika kwa lafudhi, wengine kwa jina la ukoo. Sisi tukicheka tu, imetosha.

Nyumbani kila mtu alikuwa na jibu lake. Bibi alisema ni maji. Mwalimu wa usafi alisema ni uvivu wa kupiga mswaki, akawa anatupanga mstari asubuhi na kutukagua, rula mkononi. Kilichowachanganya watu ni kwamba mwalimu huyo mwenyewe alihamia kwetu akitokea Mbeya, akanywa maji yetu zaidi ya miaka kumi, na meno yake yakabaki meupe pee. Basi wazee wakahitimisha: kama angekuwa amedhurika na maji tungeona, kwa hiyo hili liko kwenye damu.

Wazee walikosea, lakini walikuwa wametazama vizuri, na ningependa hilo lisipuuzwe. Floraidi, madini yaliyoyeyuka katika maji yetu, huliharibu jino lingali linajengwa ndani ya ufizi, tangu utotoni hadi karibu miaka 8. Jino likishakomaa na kutoka, maji yale yale hayalibadilishi rangi tena. Mwalimu alikuja na meno yaliyojengwa Mbeya. Laiti mtu mmoja angewauliza wale wazee, "Na watoto wake waliozaliwa hapa je?", wangelimaliza fumbo jioni ile ile, kwa sababu watoto wake walikuwa na meno kama yetu.

Ukitaja uvumbuzi wa kisayansi Tanzania, watu hukutajia vitu vitatu, na kwa kawaida kwa mpangilio huu huu. Kuna Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu shule ya Magamba, ambaye mwaka 1963 aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa alipokuwa akitengeneza aiskrimu, akachekwa darasani, na mwaka 1969 akachapisha makala pamoja na Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Kuna tanzanaiti ya Mererani, 1967. Na siku hizi kuna heliamu ya Rukwa, iliyotangazwa mwaka 2016 na watafiti wa vyuo vya Oxford na Durham wakiwa na kampuni. Sina ugomvi na orodha hiyo. Lakini ningeulizwa mimi ni ugunduzi gani wa kemia wa nchi hii unastahili kubandikwa ukutani katika kila darasa, ningetaja mmoja ambao sijawahi kuusikia ukitajwa redioni. Ulipatikana ndani ya sufuria ya maharage. Kuufikia inabidi tupitie kwanza kwenye volkeno.

Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Kimaasai, umesimama kusini mwa Ziwa Natron, urefu wake unakaribia mita 3,000. Volkeno kama Nyiragongo pale Goma hutoa lava yenye joto la nyuzi 1,000 au zaidi, nyekundu inayong'aa. Lava ya Lengai haifiki nyuzi 600. Mchana unaiona nyeusi kama oili chafu ya gari, na inatiririka kwa wepesi kama oili hiyo hiyo. Wekundu wake hafifu unauona usiku tu. Ikishapoa huanza kufyonza unyevu wa hewani, na baada ya siku chache imegeuka nyeupe, hata mtu anayeutazama mlima kwa mbali hudhani kileleni kuna theluji.

Lava nyingi duniani zimejengwa kwa silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga. Ya Lengai karibu haina silika. Ni magadi yaliyoyeyuka: kaboneti ya sodiamu, potasiamu na kalsiamu, inayomwagika kutoka tumboni mwa ardhi kama uji. Kwa miongo mingi wanajiolojia walikuwa wakibishana kama mawe ya kaboneti yanaweza kabisa kuwa yametokana na uji wa volkeno. Mwaka 1960 J. B. Dawson alifika kasokoni, akaikuta lava hiyo ikitiririka, na mwaka 1962 akaandika habari zake katika jarida la Nature. Ubishi ukapoa. Mpaka leo hakuna volkeno nyingine iliyo hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo.

Ndani ya lava ile yalitambuliwa madini mawili yasiyojulikana kabla. Moja likapewa jina la Gregory, yule mwanajiolojia Mwingereza wa Bonde la Ufa. Jingine liliitwa nyerereiti. Ndiyo, kwa Mwalimu. Ni kaboneti ya sodiamu na kalsiamu, na udhaifu wake ni unyevu: iache nje ipigwe na mvua kidogo, itakuwa imegeuka kitu kingine. Mtu mwenye ulimi mkali angepata la kusema hapo kuhusu siasa zetu. Mimi nitapita.

Nilisoma kemia mpaka kidato cha sita bila kulisikia jina hilo. Nilichokisikia, tena nikakikariri kwa ajili ya mtihani, ni njia ya Solvay, yule Mbelgiji wa karne ya 19, ya kutengeneza kaboneti ya sodiamu kwa chumvi, mawe ya chokaa na amonia. Tulichora minara yake, mishale ikipanda na kushuka, tukaandika milinganyo. Mwalimu wa kemia alikuwa mzuri kweli kweli. Lakini mkoa ule ule tuliokuwa tumekaa una mlima unaotapika kitu hicho, ziwa lililojaa kitu hicho, na kila jikoni mwa mama zetu kulikuwa na kopo la kitu hicho juu ya kabati. Hakuna aliyetuambia kwamba kaboneti ya sodiamu ya ubaoni na magadi ya nyumbani ni ndugu wa tumbo moja. Niliyatambua hayo nikiwa na miaka 20 na kitu, kwa kusoma mwenyewe, na nilijisikia mjinga mno.

Wenye mitaji waliyaona hayo mapema. Upande wa Kenya, kampuni ya Ziwa Magadi ilianzishwa mwaka 1911 na ina reli yake hadi ziwani. Upande wetu kulikuwa na mpango wa kiwanda Ziwa Natron, ambako ndiko wanakozaliwa karibu robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima, wale ndege wa waridi wanaojenga viota vya matope mahali ambapo fisi hathubutu kukanyaga. Kelele zikawa nyingi, kampuni ya Tata ya India iliyotaka kukijenga ikajitoa mwaka 2008, na macho ya serikali yakahamia Engaruka, ambako nako kuna maji ya magadi ardhini. Nilikuwa upande wa heroe wakati ule na sijahama. Ila nimegundua kwamba katika mjadala ule mrefu wa magadi, uliojaa ndege na mabilioni ya shilingi, sikumsikia mtu akitaja meno.

Turudi majini. Miamba ya volkeno ya kaskazini ina floraidi nyingi, sawa, lakini hiyo peke yake haitoshi kuharibu maji. Katika maji mengi duniani kalsiamu ndiyo polisi wa floraidi: ikikutana nayo huishika, vinageuka jiwe pamoja na kuzama, na maji yanabaki salama kiasi. Sasa weka magadi kwenye maji hayo. Kaboneti ya magadi inaiwahi kalsiamu, inaiburuta chini ikiwa chokaa, na floraidi inabaki inazurura bila wa kuikamata. Kwa hiyo volkeno hizi zilituumiza mara mbili, kwa kutuletea floraidi na kwa kumwondoa aliyekuwa akiizuia.

Mwaka 1984 wanajiolojia, wa kwanza kwenye orodha ya waandishi akiwa J. T. Nanyaro, walichapisha vipimo vya maji ya kuzunguka Mlima Meru na maelezo ya chanzo chake. Mito: miligramu 12 hadi 76 za floraidi kwa lita. Chemchemi: 15 hadi 63. Madimbwi na maziwa ya magadi: 60 hadi 690. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5. Tazama tena tarakimu hizo polepole. Mto wenye nafuu kuliko yote katika orodha ile umezidi kiwango mara 8.

Madaktari nao walishaona. Grech na Latham waliandika kuhusu ugonjwa huu wa kaskazini mwa Tanganyika mwaka 1964, na hawakuishia kwenye meno. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa. Uti wa mgongo unakauka usiinamike, viungo vinauma, na watoto wengine miguu inapinda. Mtu wa kwetu akimwona mzee anayegeuka mwili mzima badala ya kugeuza shingo, anajua. Kata ya kwetu inaitwa Maji ya Chai kwa sababu mto wake una rangi ya chai. Wageni hudhani rangi ile ndiyo inayopaka meno. Rangi haina hatia. Floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango hivyo haina hata ladha. Na lile agizo letu la afya tunalolijua sote, chemsha maji ya kunywa, halisaidii hapa. Ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki ile ile, kwa hiyo kila lita iliyobaki ina floraidi nyingi zaidi kuliko mwanzo.

Sasa sufuria.

Mtu wa pwani atanisamehe nikieleza hili taratibu, maana kule nazi inatawala na magadi ni ya wavuta ugoro. Huku juu magadi ni kiungo cha kila siku. Maharage, makande, kiburu cha Wachaga, mboga za majani ngumu: vyote vinataka magadi. Shangazi yangu hachukui magadi akayatupia sufuriani hivi hivi. Anavunja kipande, anakiweka kwenye bakuli la plastiki, anamimina maji ya moto, anakoroga kwa kidole, kisha anaacha. Baada ya dakika kadhaa matope yamekaa chini na juu kuna maji yenye rangi ya majani makavu. Hayo ya juu ndiyo anayoyamimina kwenye maharage, taratibu, bakuli limeinamishwa, na akiona matope yanakaribia mdomo wa bakuli anasimama hapo hapo. Yanayobaki anayamwaga nje. Povu linapanda sufuriani, anapunguza moto.

Nilipokuwa maabara chuoni, mkufunzi alitufundisha kitendo hicho hicho kwa bika na fimbo ya kioo, na alitutahadharisha kwamba kinahitaji mkono uliotulia. Shangazi angefaulu.

Na kinachotokea sufuriani ni kemia safi. Ganda la haragwe limeshikiliwa na pektini, na pektini imeshikana kwa kalsiamu kama saruji. Sodiamu ya magadi inaipokonya kalsiamu nafasi yake, saruji inalegea, haragwe linaiva nusu ya muda. Mboga za majani zinabaki kijani kwa sababu magadi yanaua ile asidi inayozifanya zigeuke kahawia. Gharama ipo pia: vitamini B1 na C hazivumilii magadi, nyingi zinapotea. Lakini mama anayenunua mkaa kwa kopo hapimi vitamini, anapima mkaa.

Ule umakini wa shangazi na bakuli lake unaondoa mchanga na udongo. Hauondoi floraidi, kwa sababu floraidi iliyomo kwenye magadi huyeyuka pamoja nayo. Maji masafi ya juu anayoyamimina kwa uangalifu ndiyo yameibeba. Magadi hutofautiana sana, shehena moja hadi nyingine, na ukiyatazama kwa macho huwezi kujua yapi yana floraidi nyingi. Yakishaokotwa ufukweni huko kwenye maziwa ya bonde, yanapanda magari na kusafiri hadi masoko ya mbali, kwa watu ambao maji yao hayana tatizo lolote.

Huo ndio ugunduzi ninaousema. Katika miaka ya 1990 daktari wa meno wa Kitanzania, Mabelya, pamoja na wenzake, walikutana na jambo lisilokaa sawa. Kulikuwa na vijiji ambavyo maji yake yalipimwa yakakutwa na floraidi kidogo, ndani kabisa ya kiwango cha usalama, na bado watoto wake walikuwa na meno yaliyoharibika vibaya. Kitabu kinasema meno haya yanatokana na maji. Mtafiti mvivu angesema vipimo vimekosewa. Wao waliangalia watu wanakula nini, wakayakuta magadi, na mwaka 1997 wakachapisha: magadi ya kupikia peke yake yanatosha kuharibu meno ya watoto hata pale maji yalipo mazuri.

Napenda ugunduzi huu kwa sababu ulihitaji mtu anayejua kwamba maharage hupikwa kwa magadi. Mtaalamu aliyetumwa kutoka mbali na kipima-maji angepima kisima mara 100 na kuondoka na jibu lile lile. Dodoso la lishe lililoandikwa Ulaya lingeuliza chai, samaki na dawa ya meno. Swali la magadi linatoka kwa mtu ambaye mama yake aliwahi kumtuma dukani akayalete.

Lakini linganisha kasi ya mambo. Swali la Lengai, ambalo jibu lake lilikuwa linasubiriwa na wanajiolojia wa dunia, lilipata makala katika jarida kubwa miaka 2 tu baada ya mtu kuiona lava. Kila mlima ule unapochafuka, kama mlipuko wa 2007 uliotanguliwa na matetemeko yaliyotikisa hadi Nairobi, wageni wanapanda na vyupa vyao vya kuziba, kwa sababu sampuli isipozibwa haraka inaharibika kwa unyevu. Siwalaumu. Wana swali lao kuhusu tumbo la dunia na wanalifuata kwa bidii. Swali letu sisi, namna ya kuondoa floraidi kwenye ndoo ya maji kwa bei ya mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki, lilikosa watu wa kulikimbilia namna hiyo.

Serikali ilifanya nini? Kwanza ilirekebisha tarakimu. Viwango vya muda vya maji vya mwaka 1974 viliruhusu floraidi hadi miligramu 8 kwa lita. Baadaye kiwango kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5 kama cha dunia. Wapo wanaoichukulia ile 8 kama dharau kwa watu wa kaskazini. Mimi nimebadilisha mawazo kuhusu hilo. Ungeandika 1.5 mwaka 1974, ungekuwa umefunga visima na mito ya mamia ya vijiji, na watu wangekunywa nini? Ile 8 ilikuwa inasema ukweli kuhusu uwezo wa nchi. Tatizo langu ni kwamba ilikaa kwenye karatasi ikiitwa kiwango cha maji salama, na mtoto aliyezaliwa chini yake hakuambiwa kwamba neno salama hapo lina maana nyingine.

Pili, na hapa serikali inastahili sifa, iliweka kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi pale Ngurdoto, chini ya wizara ya maji, katikati ya eneo lenyewe la ugonjwa. Oktoba 1995 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Ngurdoto kwa warsha ya kwanza ya kimataifa juu ya jambo hili. Njia iliyojaribiwa mwanzoni ilitoka Nalgonda, India: unatia shabu na chokaa kwenye ndoo, unakoroga, unaacha vitulie, unachota ya juu. Inafanya kazi, lakini ni kila siku, kila ndoo, na ukikosea kipimo maji yanakuwa na ladha ya ajabu. Na pale floraidi ilipo nyingi mno, haifikishi maji yanapotakiwa.

Iliyoshika zaidi ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni inachomwa kwenye tanuri lisilo na hewa ya kutosha, inasagwa chembechembe, inajazwa kwenye chujio, na maji yanapita katikati. Madini yaliyojenga mfupa ndiyo yaliyojenga jino. Floraidi inaupenda mfupa wa ng'ombe kwa sababu ile ile iliyoifanya iyapende meno yangu. Tunaupa kwanza mfupa uliokufa ule kile ambacho ulio hai ungekila. Nilipolielewa hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye basi, na abiria wa pembeni akasogea kidogo.

Uchomaji wenyewe ni ufundi. Moto ukiwa mdogo, mafuta na nyama hazijaisha, maji yanatoka na rangi na harufu ya mzoga, na mama aliyeonja mara moja hatarudi. Moto ukizidi, mfupa unapoteza nguvu ya kushika floraidi. Halafu kuna maswali ya heshima: mfupa wa mnyama gani, amechinjwa na nani? Mwislamu anataka kujua kama hamna nguruwe humo, Mhindu hataki ng'ombe kabisa. Wahandisi wengine huyaona haya kama vikwazo vya ushirikina. Mimi nadhani mtu ana haki ya kuuliza maji yake yamepita kwenye nini. Upande wa Kenya, mradi wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru umetengeneza mkaa wa mifupa kwa miaka mingi, kwa hiyo maswali haya yanajibika ukikaa na watu.

Lisilojibika kirahisi ni hili. Mkaa wa mifupa unashiba. Baada ya miezi kadhaa, kutegemea ukali wa maji na wingi wa matumizi, hauna nafasi tena, na floraidi inapita moja kwa moja. Na kwa kuwa haina rangi wala ladha, hakuna dalili yoyote. Chujio la vijidudu likifa mtu ataharisha, atajua. Chujio la floraidi likifa utajua miaka 6 baadaye, jino la mtoto likitoka.

Shangazi alipata ndoo kama hiyo, ya bluu, yenye bomba chini, kupitia mradi mmoja uliopita kijijini. Walikuja na gari, wakafundisha, wakapiga picha, na mwaka wa kwanza wakarudi kubadilisha mkaa. Mwaka wa pili hawakurudi. Shangazi aliendelea kumimina maji juu na kukinga chini kwa uaminifu kabisa, kwa muda ambao hataki kuutaja. Nilipoikuta ile ndoo mara ya mwisho ilikuwa na pumba za kuku.

Ndiyo maana habari za vifaa vipya nazipokea kwa furaha iliyofungwa breki. Askwar Hilonga wa taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda mwaka 2015 tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Uingereza, pauni 25,000, kwa chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno ziitwazo nano, ambalo linaweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, floraidi ikiwamo. Ni kazi kubwa, na imefanywa na mtu wa hapa hapa anayeyajua maji haya. Lakini kila chujio linalonasa kitu litashiba siku moja, liwe la nano au la mfupa. Swali ninalolisubiri kwa kila mvumbuzi ni la fundi baiskeli: spea iko wapi, bei gani, na nani kijijini atakuwa na kipimo cha kuniambia limeshiba? Kipimo cha floraidi kinachouzwa duka la pembejeo, jirani na dawa za mbegu, mimi ningekipa tuzo kabla ya chujio lenyewe.

Siku hizi shangazi anakinga mvua. Mwanawe alimjengea tangi la saruji nyuma ya nyumba, na maji yale, ambayo hayajagusa mwamba wowote, ni ya kunywa tu na ya uji wa mjukuu. Amelifunga bomba kwa kufuli. Mjukuu ana miaka 7, na Desemba niliyokwenda kuwasalimu alikuwa amepata meno mawili ya mbele ya ukubwani. Shangazi alimwita nje kwenye mwanga, akamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba ili nione. Meupe. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu siku ya harusi ya mwanawe.

Nikachukua kona ya kanga yake nikayafuta yakakauka, kama wafanyavyo madaktari, na hapo ndipo mistari ikatokea: myembamba, meupe juu ya weupe, kama nyuzi za chaki zilizolala jino zima. Si ya kuharibu sura. Yakilowa mate huioni. Ila ipo, na mtoto huyu hajanywa maji ya mto tangu aachishwe ziwa.

Nikamwambia shangazi kwamba hayo yatakuwa magadi. Alikuwa amekwisha loweka ya siku hiyo, bakuli liko juu ya kinu, matope yanakaa chini. Akanisikiliza mpaka mwisho, habari zote za sodiamu na kalsiamu, kisha akaniuliza kama najua maharage bila magadi yanakula mkaa kiasi gani. Nikasema najua, yakilowekwa usiku kucha yanapungua. Akasema yeye huloweka usiku kucha tangu sijazaliwa.

"Haya baba," akasema, akaliinamisha bakuli taratibu juu ya sufuria, "huo mkaa wa ziada utakuwa unanitumia wewe kila mwezi?"